Kuvuka Ua: Historia ya Ruta na Jengo la Pili

Mtandao wa kompyuta usiotumia waya ulizaliwa kwa sababu ya majengo yaliyotengana. Leo ruta hununuliwa ili simu na kompyuta za nyumba moja zipate intaneti bila nyaya kutambaa sakafuni, na mwenye ofisi katika banda la uani huliona tatizo lake kama nyongeza tu: mawimbi yanatosha sebuleni, ila kule hayafiki. Kihistoria mambo yalikwenda kinyume. Kuvuka nafasi iliyo wazi kati ya jengo na jengo kulitangulia kwa karibu miaka 30, na kusambaza mawimbi ndani ya nyumba kukafuata. Kazi hizo mbili hazifanani, na mara nyingi hazistahili kifaa kimoja. Sehemu kubwa ya historia ya ruta ya nyumbani ni habari ya jinsi zilivyochanganywa, kisha zikatenganishwa tena.

Nafasi ya kwanza kuvukwa ilikuwa bahari. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na kompyuta kubwa katika kampasi ya Mānoa, Honolulu, huku matawi yake mengine yakiwa yametawanyika kisiwani Oahu na katika visiwa jirani. Laini za simu za wakati ule zilikuwa ghali, na kwa kubeba data hazikuaminika. Norman Abramson, mhandisi aliyevutwa na Hawaii kwa kupenda kuteleza juu ya mawimbi ya bahari, aliongoza mradi ulioanza mwaka 1968 wa kutafuta njia ya redio. Juni 1971 mtandao huo, ALOHAnet, ulianza kufanya kazi kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde. Masafa mawili ya redio yalitengwa: moja la kompyuta kuu kusema na vituo vyote, na jingine la vituo vyote kuijibu.

Redio ilikuwa imeshavuka bahari kwa miongo kadhaa, kwa hiyo kurusha mawimbi hakukuwa fumbo. Fumbo lilikuwa zamu. Vituo vingi vinapotumia masafa mamoja, viwili vikisema kwa wakati mmoja hakuna kinachosikika. Njia iliyozoeleka ilikuwa kumpa kila mmoja kipande chake cha masafa au cha muda, lakini mtu aliyeketi mbele ya kompyuta hutuma kidogo kisha hukaa kimya muda mrefu, na kipande chake hulala bure. Abramson na wenzake wakaacha zamu kabisa. Kituo kilituma pakiti yake wakati wowote kilipokuwa nayo. Kompyuta kuu ikiipata salama, ilirudisha neno la kuthibitisha. Neno hilo lisipofika, kituo kilijua kwamba pakiti imegongana na nyingine, kikangoja muda uliochaguliwa kwa bahati nasibu, kikatuma tena. Ni utaratibu wa barazani pasipo mwenyekiti: wawili wakianza kusema pamoja wote hunyamaza, kisha mmoja hutangulia.

Uhuru huo una gharama, na Abramson aliipiga hesabu. Vituo vikitumia utaratibu huo, masafa hayawezi kubeba zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wake kabla migongano haijazidi. Mwaka 1972 mhandisi Larry Roberts alionyesha kwamba muda ukikatwa vipande sawa, na kila kituo kikaanza kutuma mwanzoni mwa kipande tu, kiwango hicho huongezeka mara mbili. Inafaa kulikumbuka wazo hilo la kukata muda vipande, kwa sababu miaka 30 na zaidi baadaye litarudi juu ya mapaa ya nyumba.

Robert Metcalfe aliisoma kazi ya Abramson, na Mei 1973, akiwa katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, akaandika waraka wa mtandao wa ofisi aliouita Ethernet. Kanuni ya baraza aliichukua, akaongeza adabu ya kusikiliza kabla ya kusema, kisha akaiondoa hewani na kuitia ndani ya waya. Ndani ya waya kelele ni chache na kasi ni kubwa, na kwa robo karne iliyofuata ofisi za dunia zilijifunga kwa waya huo. Mwaka 1990 ulipothibitishwa muundo wa kutumia nyaya nyembamba za jozi zilizosokotwa, kama zile za simu, uliwekwa mpaka ambao fundi yeyote wa mtandao anaujua hadi leo: mita 100 toka kifaa hadi kifaa.

Mita 100 zinavuka ua wa nyumba nyingi na kubaki. Hata hivyo waya wa shaba kati ya majengo mawili una hatari isiyoonekana siku ya kuulaza. Majengo mawili mara nyingi yana fito mbili za ethi, kila moja ikiwa imezikwa kwenye udongo wake, na radi ikipiga jirani, volti za ardhini hapa na pale hazilingani. Tofauti hiyo hutafuta njia, na waya wa mtandao ni njia nzuri sana. Vifaa vya pande zote mbili huungua kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana swali la kuvuka bila shaba halikufa hata waya ulipotawala.

Kilichokosekana ni masafa huru. Mawimbi ya redio ni mali inayogawiwa na serikali kwa leseni, na mwenye duka au mwalimu hakuweza kuomba leseni kwa ajili ya kompyuta mbili. Mwaka 1947, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Atlantic City nchini Marekani, yalitengwa masafa kwa ajili ya mashine za viwanda, sayansi na tiba, zile zinazotumia mawimbi kupasha moto na siyo kuzungumza. Majiko ya maikrowevu yako humo, karibu na gigahezi 2.45. Kwa kuwa masafa hayo yalikuwa yamejaa kelele za mashine, wenye biashara ya mawasiliano waliyaona kama jalala. Michael Marcus, mhandisi wa FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, aliona vingine: mbinu ya kijeshi ya kutawanya mawimbi juu ya upana mkubwa wa masafa ilikuwa na uwezo wa kuvumilia kelele hizo. Tarehe 9 Mei 1985 FCC iliruhusu mtu yeyote kutumia mbinu hiyo bila leseni katika maeneo matatu, yaani megahezi 902 hadi 928, 2400 hadi 2483.5, na 5725 hadi 5850, kwa nguvu isiyozidi wati moja.

Uamuzi huo haukupigiwa vigelegele, lakini kila ruta ya nyumbani inaishi juu yake. Wengine humtaja mwigizaji Hedy Lamarr kuwa mama wa teknolojia hii, kwa sababu ya hataza aliyoipata pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil mwaka 1942, ya kurukaruka kutoka masafa hadi masafa ili adui asiweze kuvuruga mawimbi ya kuongozea makombora ya baharini. Sifa yake ni ya haki, ila njia kutoka hataza ile hadi ruta ya leo si ya moja kwa moja. Mlango ulifunguliwa na kanuni ya 1985, ambayo ilimruhusu mtu wa kawaida kurusha mawimbi yake mwenyewe ndani ya ua wake bila kuomba ruhusa.

Wa kwanza kuingia kwa kishindo mlango huo walikuwa watengenezaji wa mashine za kuhesabia fedha madukani. Kampuni ya NCR ilikuwa na wateja waliopanga upya maduka yao mara kwa mara, na kila mara walilazimika kung'oa nyaya na kuzilaza upya. Wahandisi wake nchini Uholanzi walitengeneza WaveLAN, kadi ya kompyuta iliyorusha megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1990 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliunda kamati namba 802.11 ili pawe na kanuni moja kwa wote, na mwenyekiti wake kwa miaka 10 alikuwa Vic Hayes, mtu wa kampuni hiyohiyo. Kamati ilibishana miaka saba. Kanuni ilipotoka mwaka 1997 ilikuwa na njia tatu za kurusha, mojawapo ikiwa ni mwanga wa infraredi, ambao haupiti ukuta hata wa ubao. Kasi yake ilikuwa megabiti 1 au 2.

Ndani ya kanuni hiyo mlikuwa na mambo mawili yanayohusu majengo mawili moja kwa moja. La kwanza ni kilema cha adabu ya kusikiliza kabla ya kusema. Ruta ikiwa katikati, kompyuta ya nyumba kubwa na ile ya bandani huisikia zote mbili, lakini zenyewe hazisikiani. Kila moja husikiliza, husikia kimya, husema, na huko kwenye ruta maneno yao hugongana kama yale ya Hawaii. Kamati ililijua hilo ikaweka dawa: kituo kinaweza kuomba ruhusa kwa neno fupi, na ruta ikajibu kwa sauti inayosikika pande zote. La pili ni nafasi ya anwani nne ndani ya pakiti. Pakiti ya kawaida huhitaji tatu. Ya nne iliwekwa kwa ajili ya kituo kimoja cha mawimbi kubeba mzigo wa kingine, yaani daraja. Jengo la pili lilikuwa limefikiriwa tangu siku ya kwanza.

Kisha nyumba ikalisahau. Agosti 1999 kampuni kadhaa ziliunda umoja wa kuhakikisha kwamba vifaa vyao vinaelewana, zikaikodi kampuni ya kutunga majina ya Interbrand, na likapatikana jina Wi-Fi, ambalo halina kirefu chochote licha ya watu wengi kulitafutia. Mwezi mmoja kabla, Julai 1999, Steve Jobs alikuwa amesimama jukwaani New York na kompyuta ya iBook iliyofungua ukurasa wa intaneti, akainyanyua, akatembea nayo, akaipitisha ndani ya pete ya kuchezea ili hadhira ione kuwa hakuna waya. Kituo cha AirPort kilichorusha mawimbi hayo kiliuzwa dola 299, na ndani yake mlikuwa na kadi kutoka Lucent, kampuni iliyokuwa imerithi kazi ya wale wahandisi wa Uholanzi. Kilikuwa na modemu ya laini ya simu na kilitangazwa kufika mita 45. Kila kitu katika boksi moja, lenye umbo la sahani, la kuwekwa mezani sebuleni.

Mita 45 ni za mahali peupe. Ukuta hukata mawimbi, na kila ukuta hukata kwa kiwango chake. Mbao na jasi hupunguza kidogo, tofali zaidi, zege yenye nondo zaidi mno, na bati huyarudisha karibu yote yalikotoka. Nyumba za Marekani ambazo vifaa hivi vilibuniwa zikiwa akilini nyingi ni za mbao na jasi. Nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar au ya Lamu ina kuta za mawe ya matumbawe zenye unene wa nusu mita hivi, na ofisi ya uani kwingi Afrika Mashariki imeezekwa bati, pengine imezungushiwa bati. Ruta ileile inayojaza orofa mbili huko inaweza kushindwa na chumba cha pili huku. Kiwango cha nguvu nacho hakikuwa kimoja: Ulaya iliruhusu miliwati 100 katika gigahezi 2.4, ambapo Marekani iliruhusu wati moja. Namba ya mita iliyoandikwa juu ya boksi ilikuwa ahadi ya nyumba fulani katika nchi fulani.

Ruta iliyowarudishia watu wa kawaida daraja lao ilitoka katika kampuni ya Linksys, iliyoanzishwa mwaka 1988 na mume na mke, Victor na Janie Tsao, wahamiaji kutoka Taiwan, katika gereji yao huko Irvine, California. Desemba 2002 ilitoa WRT54G, boksi la bluu na nyeusi lenye antena mbili za kufunguka, tundu nne za nyaya nyuma, na kasi ya megabiti 54. Mwaka 2003 kampuni ya Cisco iliinunua Linksys. Katika mwaka huohuo wapenzi wa programu huria waligundua kwamba ndani ya ruta hiyo mnaendeshwa Linux, programu ambayo leseni yake inamtaka anayeisambaza atoe pia maandishi yake ya asili. Waliyadai, wakayapata, na mapema mwaka 2004 ikazaliwa OpenWrt, programu ya ruta ambayo mtu yeyote anaweza kuibadilisha.

Tukio hilo linastahili nafasi kubwa kuliko linayopewa kwa kawaida. Kabla yake, ruta ilikuwa sanduku lililofungwa, na mnunuzi alichagua kwa kasi na bei. Baada yake, sanduku la bei ya chini liliweza kufanya kazi ambazo mtengenezaji alizihifadhi kwa vifaa vya makampuni makubwa. Mtu aliweza kununua ruta mbili, kuweka moja nyumbani na nyingine bandani, akaziamuru zizungumze zenyewe kwa zile anwani nne, na kompyuta za bandani zikachomekwa kwa waya kwenye ruta ya pili kana kwamba ziko sebuleni. Antena zilifunguka, kwa hiyo aliweza kuondoa zile fimbo mbili zinazotawanya mawimbi pande zote na kuweka antena inayoyaelekeza upande mmoja. Tayari mwaka 2001 Rob Flickenger alikuwa ameonyesha kwamba hata kopo la chipsi za Pringles linaweza kugeuzwa antena ya namna hiyo.

Antena ya kuelekeza haizalishi nguvu. Hufanya kazi ya kioo nyuma ya taa ya kandili: mwanga uleule uliokuwa ukipotea pande zote hukusanywa na kutupwa mbele. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayofika hubaki robo, na kwa hiyo kukusanya huko kuna faida kubwa kuliko kununua ruta yenye nguvu zaidi. Isitoshe, ruta yenye nguvu hupaza sauti yake tu. Simu iliyoko bandani bado hujibu kwa sauti yake ndogo, na mazungumzo ya upande mmoja si mazungumzo. Antena ya kuelekeza huongeza kusikia kama inavyoongeza kusema. Kwa mnunuzi wa ruta hili lilikuwa somo la miaka ile, na wengi walilipata kwa kununua kwanza sanduku lenye antena nyingi, kisha kurudi dukani.

Ukomo wa mbinu hiyo ulipimwa nchini Venezuela. Aprili 2006 Ermanno Pietrosemoli, mwalimu wa mitandao, aliunganisha sehemu mbili zilizo umbali wa kilomita 279, akitumia ruta za WRT54G zenye OpenWrt na madishi ya setilaiti yaliyokwisha kutumika. Mwaka uliofuata alifika kilomita 382. Kikwazo chake kikubwa kilikuwa kilekile cha Hawaii, neno la kuthibitisha. Mwanga, na redio pamoja nao, huchukua zaidi kidogo ya mikrosekunde 3 kwenda kilomita moja. Ruta ya nyumbani imepangwa kungoja uthibitisho kwa muda mfupi unaolingana na umbali mdogo. Muda ukipita hudhani pakiti imepotea na kuituma upya, ilhali jibu liko njiani. OpenWrt iliruhusu kurefusha ungojaji huo, na ndicho kilichowezesha ruta ya sebuleni kuvuka mamia ya kilomita.

Wakati huohuo kundi la TIER la Chuo Kikuu cha Berkeley, chini ya Eric Brewer, lilikuwa kusini mwa India, katika jimbo la Tamil Nadu, likiunganisha hospitali ya macho ya Aravind iliyoko Theni na zahanati zake za vijijini, ili daktari amwone mgonjwa kwa video bila mgonjwa kusafiri. Kwa viungo vya kilomita nyingi, kundi hilo liliacha utaratibu wa baraza na kurudisha zamu za muda, kila upande ukijua kipande chake. Wazo la kukata muda vipande lilikuwa limerudi. Kampuni zilizokuja kutengeneza redio za bei nafuu za kuwekwa juu ya paa zikafuata njia hiyo: Ubiquiti ya Marekani, na MikroTik ya Latvia iliyoanza mwaka 1996. Vifaa vyao vidogo vya plastiki nyeupe vinaonekana juu ya milingoti ya watoa huduma wa intaneti katika miji mingi ya Afrika Mashariki, na jozi yake moja, kila kimoja kikimtazama mwenzake, ni dawa inayojulikana ya ofisi ya majengo mawili. Waya uleule wa mtandao hubeba na umeme wa kuviendesha, kwa hiyo juu ya paa hapahitajiki soketi.

Kuvuka ua kulileta pia swali la usiri. Mawimbi yanayofika bandani hufika na kwa jirani. Kanuni ya 1997 ilikuwa na kufuli lililoitwa WEP, na mwaka 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha udhaifu ulioliangusha. Kufikia 2007 lilifunguliwa ndani ya dakika moja. WPA ya 2003 na WPA2 ya 2004 zilichukua nafasi yake. Kwa wenye madaraja kipindi hicho kilikuwa kigumu, kwani ruta nyingi ziliweza kuungana kwa anwani nne zikiwa na kufuli bovu tu, na mwenye ofisi alilazimika kuchagua kati ya daraja na usalama. Ruta mbili za kampuni tofauti mara nyingi hazikukubali kuungana hata kidogo, kwa sababu kanuni iliweka nafasi ya anwani bila kueleza kikamilifu namna ya kuitumia.

Ndani ya nyumba kulikuwa na adui mwingine, mwangwi. Wimbi huligonga kabati, ukuta na bati, na nakala zake hufika zikiwa zimechelewana, zikivurugana. Katika shirika la utafiti la Australia, CSIRO, kikundi cha John O'Sullivan kililitatua tatizo hilo kwa hesabu ambazo mizizi yake iko katika astronomia ya redio, katika kutafuta miale ya mashimo meusi madogo ambayo hayakuonekana. Hataza yao ya Marekani ilitoka mwaka 1996, na baada ya kesi ndefu watengenezaji walilipa mamia ya mamilioni ya dola. Mbinu ya kugawa data juu ya vijimasafa vingi vya pole pole ndiyo iliyoipa WRT54G megabiti zake 54. Kanuni ya 802.11n, iliyopitishwa mwaka 2009, ilikwenda mbali zaidi: ilitumia antena kadhaa kwa pamoja, na mwangwi uliokuwa kero ukawa njia za ziada za kupitishia data. Kasi iliruka hadi mamia ya megabiti. Ila mwangwi huo unapatikana ndani ya nyumba. Katika ua mweupe ni mchache, na sehemu ya faida hiyo hupotea palepale jengo la pili linapoihitaji. Masafa ya gigahezi 5, yenye nafasi nyingi na kelele chache, nayo hudhoofishwa na ukuta kuliko ya 2.4.

Mwaka 2009 mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilifika pwani ya Afrika Mashariki, na ya EASSy mwaka uliofuata. Kabla yake intaneti ya eneo hili ilitegemea zaidi setilaiti, ikawa finyu kiasi kwamba ruta yoyote, hata ya megabiti 11, ilikuwa na kasi kuliko kilichoingia ndani yake. Intaneti ilipopanuka, na nyaya za faiba zikaanza kuingia majumbani, ruta ndiyo ikawa mlango mwembamba. Fundi wa kampuni ya intaneti huacha boksi moja mahali waya ulipoingilia, kwa kawaida sebuleni au karibu na mlango, na jengo la nyuma hubaki shauri la mwenye nyumba.

Jibu la madukani kwa muda mrefu lilikuwa kifaa cha kurudia mawimbi, kile ambacho mafundi hukiita ekstenda. Huchomekwa kwenye soketi ya katikati, husikia na kurudia. Udhaifu wake uko katika asili yake: chenye redio moja hakiwezi kusikia na kusema kwa pamoja, kwa hiyo kila pakiti husafiri hewani mara mbili na kasi hukatika nusu. Njia nyingine ilikuwa kupitisha data ndani ya nyaya za umeme za nyumba, kanuni ya HomePlug iliyotoka mwaka 2001. Ilifaa pale majengo yanapochangia mita moja na nyaya nzuri, na ilishindwa pale banda lilipokuwa na mita yake.

Wazo lililokuja kuyashinda hayo lilikulia kwenye mapaa ya Cambridge, Massachusetts. Wanafunzi na walimu wa MIT walijenga Roofnet, mtandao wa vituo 37 vilivyotawanyika juu ya nyumba za watu, kila kimoja kikijitafutia njia kupitia wenzake na kupima ni ipi inayofikisha pakiti kwa kurudia mara chache zaidi. Wawili kati yao, Sanjit Biswas na John Bicket, walianzisha Meraki mwaka 2006. Mfumo huo wa wavu uliingia majumbani miaka 10 baadaye kwa eero na Google Wifi: maboksi mawili au matatu yanayogawana jina moja la mtandao. Orbi ya Netgear, ya mwaka huohuo wa 2016, iliweka redio ya tatu kwa ajili ya maboksi kuzungumza yenyewe tu, na kasi haikukatwa tena nusu. Hapo ile kazi ya kuvusha ilitengwa na ile ya kugawa, ndani ya boksi lenyewe.

Machi 2020 janga la korona lilipowarudisha wafanyakazi nyumbani, stoo, vyumba vya wageni na mabanda ya uani yalipata meza na kamera. Mkutano wa video hauvumilii daraja bovu, kwa sababu unahitaji kusema na kusikia kwa pamoja bila kukatika, jambo ambalo kupakua faili hakulidai. Wavu wa maboksi ulitosha pale majengo yalipokaribiana na madirisha yakatazamana. Kwingine mafundi walirudi kwenye jozi ya redio za nje. MikroTik ilikuwa imetoa mwaka 2017 jozi ya gigahezi 60 inayovusha gigabiti moja hadi mita 200. Katika masafa hayo oksijeni ya hewani yenyewe humeza mawimbi, hivyo hayaendi mbali wala hayamsumbui jirani, ila mvua kubwa au mwembe uliokua mbele yake huyakata.

Kanuni zilizofuata, Wi-Fi 6 ya miaka hiyo na Wi-Fi 7 iliyoanza kuthibitishwa Januari 2024, ziliongeza kasi na masafa mapya ya gigahezi 6, ambayo ukuta huyakata zaidi. Kwa ofisi ya majengo mawili zimezidisha thamani ya njia ya kati kuliko ya ruta yenyewe. Pale ambapo mtaro unaweza kuchimbwa, nafuu imekuwa waya wa faiba ndani ya bomba la plastiki: ni uzi wa kioo, haubebi umeme, na radi haina njia kupitia kwake. Ncha yake ya bandani huwekwa kituo kidogo cha Wi-Fi chenye jina na nywila zilezile za nyumba kubwa, na simu ya anayevuka ua huachana na ruta ya sebuleni na kushika kituo hicho kabla hajafika mlangoni.